Dodoma: Paa la bati linapogeuka kisima cha bustani

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme, iliyoanza safari za kufika Dodoma mwaka 2024, husindikizwa na majani mabichi hadi maeneo ya Kilosa. Baada ya hapo nchi hubadilika taratibu. Migomba hupotea dirishani, milima hubaki nyuma, na mahali pake huja migunga yenye miiba, mibuyu mikubwa na ardhi nyekundu. Ikiwa ni Septemba, mibuyu haina hata jani moja. Akishuka kituoni, kitu cha kwanza kumpokea ni upepo wenye vumbi.

Wenyeji, Wagogo, wana simulizi kuhusu jina la mji wao. Tembo alikuja kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, akakwama kwenye tope na kuanza kuzama. Watu waliomwona wakasema “idodomya”, yaani imezama. Huo ndio mwanzo wa jina Dodoma. Mji mkuu wa Tanzania umebeba katika jina lake habari ya mnyama mwenye kiu.

Kiu hiyo haijaisha. Lakini katika mtaa mmoja wa Nkuhungu, kwenye uwanja wa nyuma wa nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, Septemba hiyohiyo kuna kitalu cha mchicha. Kina urefu wa hatua nne na upana wa hatua moja. Pembeni yake umesimama mpapai, na kando ya ukuta liko tanki jeusi la plastiki la lita 5,000. Bomba la kijivu limeshuka kutoka kwenye gata la paa hadi kwenye mdomo wake. Mvua ya mwisho ilinyesha Aprili. Maji anayomwagilia mama mwenye nyumba leo jioni ni ya mvua hiyo.

Mji umekua, mvua ni ileile

Dodoma iko kiasi cha meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, katikati ya nchi, mahali ambapo mawingu ya baharini hufika yakiwa yamechoka. Hakuna vuli na masika kama ilivyo pwani. Kuna msimu mmoja tu, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Kwa mwaka mzima hunyesha milimita 550 hadi 600 hivi, na nyingi kati ya hizo huanguka kati ya Desemba na Machi. Miezi mingine yote, wingu likipita, watu hulitazama tu kama mgeni asiyekaa.

Mwaka 1973 ilipoamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie hapa, Dodoma ulikuwa mji mdogo wa reli. Kwa miongo mingi uliendelea kukua polepole. Kasi ilikuja baada ya 2016, Serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo, na mwaka 2018 ukapewa hadhi ya jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu karibu 411,000. Ile ya 2022 ilikuta zaidi ya 765,000. Nyumba zimepanda vilima, mashamba ya mtama yamekuwa viwanja, na kila kiwanja kipya kina familia inayofungua bomba asubuhi.

Kwa miaka mingi tegemeo kubwa la mabomba hayo limekuwa visima virefu vya Makutupora, kaskazini mwa mji (si Makutupora ile ya reli upande wa Singida). Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji katika eneo hilo. Waligundua kwamba akiba ya chini ya ardhi haijazwi sawasawa kila mwaka. Hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa, hasa ile inayoambatana na El Nino. Kwa lugha ya nyumbani, akaunti hiyo hupata amana kubwa mara mojamoja, lakini matumizi ni ya kila siku.

Ndiyo maana mgawo wa maji si habari mpya kwa mkazi wa Dodoma. Na siku ya mgawo, hakuna anayechukua maji ya ndoo akamwagie mchicha. Kwanza ni kunywa na kupika, kisha kuoga na kufua. Bustani husubiri, na bustani haijui kusubiri.

Kuna na jambo la chumvi. Visima vingi vya mitaani na vijijini katika mkoa huu hutoa maji yenye chumvichumvi. Anayemwagilia kwa maji hayo mwezi hata mwezi huona udongo ukiota utando mweupe juu, kisha kingo za majani zikiungua kana kwamba zimepitishwa moto. Maji ya mvua karibu hayana chumvi kabisa. Mmea huyapokea vizuri, na yakizidi huisafisha ile chumvi kwa kuipeleka chini.

Kutoka sufuria hadi tanki

Familia ya Nkuhungu haikuanza na tanki. Ilianza na sufuria. Msimu wa kwanza baada ya kuhamia, mama mwenye nyumba alitega sufuria, beseni na ndoo mbili chini ya ukingo wa bati, kama wafanyavyo wengi. Mvua ya nusu saa ilijaza vyombo vyote kabla hajamaliza kuvipanga, na maji yaliyobaki yakachimba mtaro kando ya msingi wa nyumba.

Mama mkwe wake, bibi mwenye asili ya upande wa Chamwino, alikuwa akitazama kutoka barazani. Yeye alikulia kwenye tembe, nyumba ya Kigogo yenye paa bapa la udongo. Paa la namna hiyo halivuni maji, huyanywa. Utotoni mwake, kiangazi kilimaanisha kwenda mtoni kwenye mchanga mkavu, kuchimba kwa mikono na kibuyu, na kungoja maji yajikusanye shimoni. Kuona maji yakishuka yenyewe kutoka mbinguni hadi mlangoni na kupita zake kuelekea korongoni kulimuuma.

“Mkamwana wangu,” alisema, “haya maji yamekuja nyumbani, nasi tunayafukuza?”

Mwaka uliofuata waliweka gata upande mmoja wa nyumba na kununua pipa la lita 200. Mwaka wa pili wakaongeza pipa jingine. Tanki lilikuja mwaka wa nne, kwa fedha za kikoba, na fundi akaweka gata upande wa pili. Hakuna mwaka ambao familia ilitoa fedha zote kwa mkupuo. Majirani wanaouliza gharama huambiwa waanze na gata, kwa sababu gata bila tanki bado litajaza ndoo, lakini tanki bila gata ni pambo la uwanjani.

Hesabu ya paa

Wahenga walisema chururu si ndondondo. Paa la bati ni chururu, na kiasi chake kinaweza kuhesabiwa hata na mtoto wa darasa la sita. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya meta moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Basi.

Nyumba yenye urefu wa meta 10 na upana wa meta 8 ina eneo la meta za mraba 80. Mvua ya milimita 20, ambayo si ajabu Dodoma mwezi Januari, huangusha lita 1,600 juu ya paa hilo. Ukiondoa yanayoruka, yanayovuja kwenye maungio na yanayokauka, takriban sehemu nne kati ya tano hufika chomboni, yaani kwa kila lita tano hupatikana nne. Hiyo ni kama lita 1,280. Mvua nne za namna hiyo zinalijaza tanki la lita 5,000.

Kwa msimu mzima wa milimita 550, paa hilohilo linaweza kutoa zaidi ya lita 35,000. Tanki halitazimeza zote, wala halihitaji. Linajaa, linatumika katika zile wiki kavu ambazo mara nyingi hukatiza mvua katikati ya msimu, kisha linajaa tena. Yanayofurika huko Nkuhungu huelekezwa kwa mtaro mfupi hadi kwenye shimo la mpapai na la mwembe mchanga uliopandwa mbele ya nyumba. Udongo wenyewe ni tanki, na hauuzwi dukani.

Hesabu ya kutumia ni ngumu kuliko ya kukusanya. Kitalu cha meta nne za mraba huhitaji karibu dumu moja la lita 20 kwa siku wakati wa jua. Vitalu viwili ni madumu mawili. Tanki lililojaa ni madumu 250. Akimwagilia vyote viwili Mei na Juni, mama huyu hutumia lita 2,440. Zinabaki 2,560. Kuanzia Julai anaacha kitalu kimoja kipumzike na kumwagilia kimoja tu, lita 20 kwa siku, na maji yaliyobaki yanatosha siku 128. Zinamfikisha siku za kwanza za Novemba, wakati watu wa Dodoma wanapoanza kuinua macho kutazama mawingu.

Hesabu hiyo imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa jiko. Mwaka wa kwanza wa tanki haikuwapo, na tanki lilikauka Agosti.

Mtoto, mbu na pipa

Maji yaliyohifadhiwa nyumbani ni neema, lakini ni neema inayotaka mfuniko.

Katika nyumba hii somo hilo halikutoka kwenye semina. Kipindi cha mapipa, bibi hakupenda yafunikwe. Aliamini maji yakizibwa huoza, na kwamba yanahitaji kupumua. Mkwe wake, kwa heshima, hakubishana. Jioni moja mtoto wa mwisho, aliyekuwa na miaka miwili, alikokota kigoda hadi kwenye pipa akitaka kuchota maji na kikombe. Bibi ndiye aliyemwona: tumbo juu ya ukingo, kichwa ndani, miguu imeachana na kigoda. Alimvuta kwa nguo. Mtoto alilia kwa kushtuka, bibi akalia baada yake.

Kesho yake bibi mwenyewe alimwagiza mwanawe kwenda kwa fundi seremala. Tangu siku hiyo kila chombo cha maji katika uwanja huo kina mfuniko mzito, na kigoda hulala ndani.

Mtoto mdogo huzama katika maji machache sana, kimyakimya na kwa dakika chache. Kichwa chake ni kizito kikilinganishwa na mwili, hivyo akitumbukia kwa kichwa hawezi kujinyanyua. Ndoo iliyojaa nusu inatosha kumdhuru. Pipa lisilofunikwa, shimo la maji lisilozungushiwa uzio na beseni lililosahauliwa chini ya paa ni hatari zilezile kwa sura tofauti.

Hatari ya pili haina sauti kubwa. Mbu aenezaye homa ya dengue, ambayo kamusi za Kiswahili huiita kidingapopo, hupenda hasa maji masafi yaliyotulia kwenye vyombo vya nyumbani: mapipa, ndoo, vyungu vya maua, matairi na gata lililoziba kwa majani. Mbu huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakimzuii. Milipuko ya dengue ya 2014 na 2019 ililitikisa zaidi jiji la Dar es Salaam, lakini mbu wa aina hiyo hahitaji bahari. Anahitaji pipa tu.

Katika joto, yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi. Tena mayai yake hugandishwa kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na huweza kustahimili ukavu kwa miezi. Pipa lililokaa tupu kiangazi kizima linaweza kuwa na mayai yanayongoja mvua. Kulimwaga maji pekee hakutoshi. Linasuguliwa kuta kwa brashi kabla ya msimu.

Kinga si ghali. Mdomo wa tanki na bomba la kufurikia hufungwa wavu wa madirisha wenye matundu madogo, unaokazwa kwa waya au mpira. Gata huzolewa majani kabla ya mvua na katikati ya msimu. Chombo kisichofunikika humwagwa na kusuguliwa kila wiki. Na kuhusu ile hofu ya bibi, wavu huruhusu hewa kupita. Kinachoozesha maji ni majani, uchafu na mwanga wa jua unaootesha ukijani. Tanki jeusi lililofunikwa hukaa na maji mazuri kwa miezi mingi.

Maji ya kwanza hayaingii tankini. Paa ambalo halijaoshwa tangu Aprili lina vumbi, kinyesi cha ndege na cha mijusi, na pengine panya aliyekufa. Familia nyingi huligeuza bomba pembeni katika mvua za kwanza, kisha kwa kila mvua inayofuata baada ya siku kavu hutupa angalau ndoo mbili za mwanzo kwa paa la meta za mraba 80. Maji hayo humwagwa chini ya mti.

Na hata baada ya hayo, maji ya tanki hili ni ya bustani. Yakihitajika kwa kunywa, huchujwa na kuchemshwa kama maji mengine yoyote. Kwenye kitalu humwagwa chini, kwenye shina. Mboga zinazoliwa mbichi, kama figiri ya kachumbari au majani ya saladi, hazimwagiliwi juu ya majani, na huoshwa kwa maji salama kabla ya kuliwa.

Maji kidogo, mboga nyingi

Pwani na milimani matuta huinuliwa ili maji yasituame. Dodoma ni kinyume. Kitalu cha Nkuhungu kimechimbwa kikawa chini ya usawa wa uwanja kwa kiasi cha kiganja, na kingo zake zimepigwa vizuri, ili kila tone litakalomwagwa libaki humo. Udongo umechanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza, ambayo hushika unyevu kama sifongo. Juu yake yametandazwa mabua na majani makavu. Bila matandazo hayo, jua na upepo wa Agosti hunywa kabla ya mchicha.

Umwagiliaji ni alfajiri au jua likizama. Mtoto wa kwanza, mwanafunzi wa sekondari, ameongeza ujuzi wake. Alitoboa vitundu kwenye vifuniko vya chupa za plastiki, akazifukia kichwa chini karibu na mashina ya nyanya na kukata kitako cha kila chupa. Maji yakijazwa humo hutiririka polepole hadi kwenye mizizi badala ya kulowesha vumbi. Pembeni kuna magunia matatu yaliyojazwa udongo, yenye matembele na sukuma wiki zilizochomoza ubavuni. Gunia moja hushiba kwa lita chache, na linamfaa hata mpangaji wa chumba kimoja asiye na uwanja.

Mavuno si ya kupeleka Soko la Majengo. Ni fungu la mchicha mara tatu au nne kwa wiki, nyanya za kuungia, papai la asubuhi na majani ya maboga. Kwa afya ya nyumba hiyo si kitu kidogo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba watoto watatu kati ya kila 10 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, na mchicha peke yake hauuondoi. Lakini sahani ya ugali mtupu ni sehemu ya tatizo, na majani ya kijani hubeba madini ya chuma, foleti na vitamini A ambavyo mtoto na mama mjamzito huvihitaji kila siku, si msimu wa mvua tu.

Wagogo walilijua hilo kabla ya tanki la plastiki. Mlenda, chakula kinachowatambulisha, huchumwa wakati wa mvua, hukaushwa, husagwa na kuwekwa kwa ajili ya kiangazi. Ni njia ya zamani ya kuvuna mvua: maji hubadilishwa kuwa majani, na majani huwekwa kwenye kibuyu. Katika jiko la Nkuhungu kibuyu hicho bado kipo. Bibi hakubali kwamba tanki limekiondolea kazi, na mkwe wake hana haja ya kumwambia hivyo. Oktoba, kitalu kinapokuwa kimebaki na miche michache, mchuzi wa jioni huwa ni mlenda wa bibi uliochanganywa na majani machache mabichi ya mkwe.

Kabla ya wingu la kwanza

Mwishoni mwa Oktoba tanki likigongwa kwa vidole hutoa sauti ya ngoma. Bibi hupita kila asubuhi akilipiga kofi kutoka juu kwenda chini, hadi pale sauti inapobadilika, ndipo hujua maji yamefika wapi. Mjukuu wake, yule wa kwenye kigoda, sasa ana miaka sita na humfuata akipiga pia.

Ndio wakati wa kazi. Baba hupanda ngazi kuzoa majani kwenye gata na kukaza misumari iliyolegea. Mapipa ya zamani husuguliwa. Wavu uliotoboka hubadilishwa. Bomba hugeuzwa pembeni, tayari kwa maji machafu ya mwanzo. Mitaa ya jirani, mabati mengi yanang'aa juani bila gata hata moja. Juu ya kila moja kuna maelfu ya lita ambazo zitashuka Desemba, zichimbe msingi, ziingie korongoni na kwenda zake, wakati mwenye nyumba akiwa amesimama mlangoni na ndoo moja.

Anayetaka kuanza msimu huu hahitaji tanki. Apime paa lake kwa hatua, aweke gata upande mmoja, atafute pipa lenye mfuniko, akate kipande cha wavu. Mvua ikija, atajua mwenyewe kinachofuata.

Jioni mama wa Nkuhungu hufungua koki chini ya tanki na kujaza dumu. Hufuta mstari mmoja wa chaki nyuma ya mlango. Bibi, kutoka barazani, humuuliza imebaki mingapi.

“Tisa, mama,” hujibu.

Bibi hutazama upande wa mashariki, ambako mbingu bado ni nyeupe, halafu husema zitatosha.